Kikombe cha Sita

Fundi Miwani alikuwa akifunga duka jua likizama, anatafuta funguo ambazo, kama kawaida yake, zilikuwa mfukoni mwake. Mtu hodari wa kung'arisha vyombo vya watu, vyake mwenyewe havioni! Alipoinua kichwa, mama mmoja mwenye gauni jeusi alikuwa amesimama nje ya mlango wa kioo, pua inakaribia kugusa kioo, kikapu mkononi.

Jioni ile ilikuwa na baridi. Kila fundi alipohema, kioo kilifanya ukungu. Upande wa yule mama, kioo kilibaki kikavu.

Fundi aliona. Akapuuza, maana mteja ni mteja. Akamfungulia.

Kikapuni mlikuwa na sinia, ndoo ya barafu na vikombe sita vya mvinyo vyenye miguu mirefu. Vitu vya zamani hasa, shaba iliyopakwa fedha, vimechongwa mizabibu pande zote na vimekuwa vyeusi kwa kutelekezwa. Vilinuka mvinyo uliochacha na udongo mbichi.

"Nitavifuata kesho jioni," mama yule alinong'ona. "Sugua utakavyo. Ila usivipulizie."

"Nisivipulizie?"

"Wala mtu mwingine yeyote asivipulizie."

Fundi nusura acheke. Kupulizia ndiyo kazi yenyewe! Dawa ya kung'arishia ikijificha kwenye nakshi huioni mpaka upulizie pumzi, ukungu ukiondoka, doa linabaki peke yake. Na kusugua tu kwa kubahatisha ni hatari, kwa sababu fedha ya kupakwa ni nyembamba kama ganda la kitunguu. Ukizidisha, shaba nyekundu inachungulia, na mwenye mali anakutolea macho. Hata hivyo aliitikia.

Kesho yake alifanya kazi dirishani, kwa mwanga wa jua na kitambaa cha fulana kuukuu. Sinia, ndoo, vikombe vitano. Hakupulizia hata kimoja. Si kwamba aliogopa, la! Alikuwa anaheshimu mteja tu.

Kikombe cha sita kikamtoa jasho. Palikuwa na doa karibu na mguu. Akikiinamisha analiona, akikiinua limepotea. Alasiri ikawa inayoyoma.

Mke wake akaingia na chai kutoka chumba cha nyuma walichokuwa wakiishi. Akamvua miwani, akaipulizia. "Haah!" Akaifuta kwa upindo wa gauni, akamvisha tena. Miaka ishirini na miwili ya ndoa, kila siku hivyo hivyo.

"Ungekuwa unaona vizuri," alitania, "ungenioa mimi kweli?"

"Ningekuoa mara mbili, mama watoto."

"Muongo mkubwa! Haya, na hiki kimekushinda nini?" Akakichukua kikombe.

Fundi akafungua kinywa. Alitaka kusema, mwenyewe kakataza. Lakini akilini alikwisha kusikia kicheko cha mkewe... mwanamume mzima anaogopa kikombe! Hadi jua lizame, mtaa wote ungekuwa unajua. Aliogopa kuchekwa kuliko kitu chochote duniani.

Akafunga kinywa.

"Haah!"

Ukungu ukatanda juu ya fedha. Haukufifia. Ulizama ndani yake, kama maji mchangani.

Kisha sauti.

*Hhhhhh...*

Haikutoka kwa mke wake. Kikombe kilikuwa kinavuta pumzi.

Vile vitano vikaitikia mezani, nnnng... nnnng... Harufu ya udongo mbichi ikajaa dukani.

"Umesikia?" fundi alinong'ona.

"Nisikie nini? Doa lako hilo limetoka. Kunywa chai, inapoa."

Jioni mama wa gauni jeusi alikuja. Hakutazama sinia wala ndoo. Alikiinua kikombe cha sita, kitupu kabisa, akakiweka mdomoni.

Akanywa.

Koo lilipanda na kushuka, lilipanda na kushuka.

"Nilikukataza," alisema. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

"Ni mimi niliyepulizia!" Fundi alijipiga kifua. "Mimi, mama! Kama kuna deni, nichukue mimi."

"Hii ni pumzi ya mwanamke."

"Mrudishie! Nakuomba, sina mwingine."

Mama yule alipanga vikombe kikapuni kimoja kimoja. "Na mimi nilipulizia bila kujua, fundi. Mume wangu alikuwa amesimama pale pale. Alikuwa anajua, akanyamaza."

Akatoka. Nje aligeuka amtazame tena, pua karibu na kioo. Safari hii kioo kilifanya ukungu.

Fundi alikimbilia chumba cha nyuma. Mke wake alikuwa anakata vitunguu na kuimba kwa chini. Mzima! Mzima wa afya! Fundi alimshika mabega, machozi yakamtoka, akacheka kama mwendawazimu.

"Una nini leo, baba watoto? Tazama miwani ilivyolowa. Lete."

"Acha. Iache tu."

"Wee, acha utoto."

Akamvua. "Haah!" Akaitazama miwani, akakunja uso. "Haaah!" Akaisogeza kwenye taa, akaigeuza huku na huku.

"Ajabu," alisema. "Leo haifanyi ukungu."

Akamgeukia mumewe, anasubiri jibu. Fundi Miwani akafungua kinywa amwambie.

Akakifunga tena.