Mafuta Gani, Abbasi?

Gia ya pili ilikuwa haikai. Lori la Suud bin Humoud likianza kupanda mlima wa Pugu, mkono wa gia ulichomoka wenyewe. Tumbo la gari likasaga kama jiwe juu ya jiwe. Magunia ya mkaa yakalala njiani, na wateja wa Suud pale Kariakoo wakanunua kwa wengine. Lori lilikuwa moja tu. Likifa hilo, duka nalo limekufa.

Suud alijua nani wa kulaumiwa. Miezi miwili nyuma dereva wake, Abbasi, alimwambia, "Bwana, gari linataka mafuta."

"Jana nimekupa debe zima la petroli!"

"Si hayo, Bwana. Mafuta ya gia."

"Na wiki iliyopita?"

"Yale yalikuwa ya injini."

Suud alicheka kwa pua. "Gari moja, midomo mitatu?"

"Ndiyo, Bwana. Midomo mitatu."

Suud hakutoa kitu. Kwake yeye mafuta yalikuwa mafuta. Tena alikuwa na jambo moyoni. Tatu, mke wa Abbasi, alikaanga maandazi kwenye kona karibu na soko. Zamani alikuwa na karai moja. Sasa alikuwa nayo mawili. La pili linajazwa na nani?

Basi gia ilipoanza kuchomoka, Suud hakwenda kwa fundi. Alikwenda kwa Tatu.

"Sabalkheri, Bi Tatu. Mafuta haya umeyatoa wapi?"

"Dukani. Ulitaka niyachote kisimani?"

Suud akainama, akanusa karai. Watu waliokuwa wakingoja maandazi wakatazamana. Tatu aliinua andazi kwa kijiti, likiwa bado linatona.

"Usinuse tu, Bwana Suud. Onja. Ukisikia ladha ya lori, niitie polisi!"

Kicheko kilimsindikiza Suud mpaka mlangoni kwake. Aibu haikumponya shaka, ilimzidishia. Jioni hiyo alimwita Abbasi.

"Lete hendeli. Nilikunyima mafuta, nawe umeniharibia gari kwa kisasi."

Abbasi aliiweka hendeli ya kuwashia gari juu ya kizingiti. "Mimi nilikwambia, Bwana," alisema, akaenda zake.

Saadiya, mkewe Suud, alisikia yote. "Umemfukuza mtu bila ushahidi, Baba Thuraya."

"Ushahidi utakuja. Atarudi kuiba, na nyayo zake nitaziona."

Akamwaga mchanga mweupe kulizunguka lori na chini yake, akausawazisha kwa ubao. Asubuhi wakatoka wote wawili kutazama. Hapakuwa na unyayo hata wa kuku. Lakini katikati, chini ya tumbo la gari, palikuwa na doa jeusi, pana kama sahani.

"Ameniwekea uchawi!" Suud alisema.

Saadiya akaligusa kwa kidole. Lilinata. "Mwizi wako hana miguu," alisema. "Ita fundi."

Fundi Kasmir alikuwa na banda lake Gerezani. Alikuwa hodari, mwenye maneno mengi na bei kali. Lori lilivutwa mpaka kwake, na Suud akamsimulia habari ya doa la mchangani. Suud alileta kigoda chake mwenyewe, akaketi karibu na kila nati iliyofunguliwa.

"Sheikh, mbona unanikodolea macho?"

"Nachunga usinibadilishie vyuma."

"Vizuri. Basi njoo huku chini ushike beseni."

Suud akaingia chini ya gari na kanzu yake. Kasmir akafungua nati ya chini ya giaboksi, lile sanduku la chuma lenye gia. Mafuta yaliyotoka hayakujaa kikombe. Yalikuwa meusi, na ndani yake vilimeta vipande vidogo kama magamba ya dagaa.

"Fedha?" Suud aliuliza.

"Fedha yako hasa. Hayo ni meno ya gia." Kasmir akafuta mikono. "Sikiliza. Petroli inaungua, ndiyo maana unainunua kila siku. Mafuta ya injini yana sehemu yake. Haya ya gia ni mazito, na kazi yake ni kuyalainisha meno yasisagane. Hayaungui. Yakipungua, ujue yanavuja. Ngozi ya kuzuia mafuta imechakaa hapa, ona. Dereva wako hakukwambia?"

"Aliniambia mafuta."

"Nawe ulimuuliza mafuta gani?"

Kasmir akamvuta kidole, akakielekeza kwenye tundu la ubavuni mwa giaboksi.

"Kila wiki, gari likiwa mahali tambarare na limepoa, fungua hapa. Tia kidole. Mafuta yaguse mdomo wa tundu. Yakiwa chini, ongeza. Usipitishe, yatafurika yatafute pa kutokea. Yakiwa meusi hivi, mwaga utie mapya. Ukisikia gia inalia, simama. Usiilazimishe. Na mchanga wako ule, endelea kuumwaga. Huo ndio uliokamata mwizi."

Gari lilipopona, Suud alikwenda kwa Abbasi, hendeli mkononi. Tatu alikuwa mlangoni.

"Umekuja kunusa?" aliuliza.

"Nimekuja kuomba radhi."

Abbasi akatoka. Aliitazama hendeli, hakuipokea mara moja.

"Nitarudi, Bwana. Ila nikisema mafuta, uniulize mafuta gani. Usiniulize nimeyauza wapi."

"Nimekubali."

Siku hizi lori hupanda Pugu na mzigo kamili, na gia ya pili inakaa. Kila Ijumaa kabla ya kwenda kuoga, Suud huingia chini ya gari na kutia kidole mwenyewe.

Kulinyima lori mafuta ya gia, chupa mbili tu, kulimgharimu hivi: magurudumu mawili ya gia, beringi mbili, ngozi mpya, wiki tatu bila mkaa wa kuuza, na bangili za harusi za Saadiya, zilizowekwa rehani kumlipa Kasmir na ambazo hazikurudi. Na kwa Tatu, watu wote wa mtaa hula kwanza ndipo wakalipa. Suud hulipa kwanza.