Mize Wawili, Kabati Moja

Sabiti, katibu wa kijiji cha Mchangani, alikuwa mtu wa haraka. Watu walisema hunywa uji mahindi yakiwa bado shambani.

Mwaka ule wa kuanzisha vijiji vya ujamaa, watu wa Mkuyuni walihamia Mchangani. Walikuja na vitanda, kuku, na pakacha la karatasi za minazi. Kisiwani Mafia kiwanja huweza kuwa cha mtu mmoja, na minazi iliyosimama juu yake ikawa ya mtu mwingine. Karatasi ndiyo shahidi.

Sabiti akachanganya karatasi za vijiji viwili katika kabati moja. Alipokuta majina yanafanana, aliingiza ya Mkuyuni, akatoa ya Mchangani.

"Jina moja, mtu mmoja," alisema. Alizozitoa akampa Mashavu, muuza bajia, afungie bajia zake.

Kesho yake akaja Bi Mize binti Kombo.

"Shikamoo, Bi Mize."

"Marahaba. Nipe karatasi yangu. Jumanne, mwenye kiwanja, kanizuia kuangua nazi. Anasema kiwanja chake, na minazi pia yake."

Sabiti akafungua kabati. "Hii hapa. Minazi tisa, Mkuyuni."

"Mimi na Mkuyuni wapi na wapi? Yangu ishirini na saba, aliniachia mama, hapa hapa Mchangani. Huyo ni Mize mwingine, wa Kombo mwingine. Huku ukirusha jiwe humkosi Mize."

"Basi yako niliitoa," akasema Sabiti. Biubwa, karani wa zahanati, alikuwa amekuja kuazima wino.

"Ulizozitoa ziko wapi?" akauliza.

"Kwa Mashavu."

"Basi twende kabla watu hawajashikwa na njaa."

Mashavu alikuwa amezikalia. "Nimetumia moja tu," alisema. "Mzee Abeid yule anakula."

Ilikuwa ya Bi Mize. Mzee Abeid akaishikilia. "Nimalize kwanza. Bajia haina katibu."

Alimaliza taratibu, moja baada ya moja. Karatasi ililoa mafuta, lakini maandishi yalisomeka: Mize binti Kombo, Mchangani, minazi ishirini na saba.

Waliporudi ofisini, Biubwa akamwambia Sabiti, "Zahanati nilipochanganya kadi, sikutoa hata moja mwanzoni. Nilihesabu za kila upande, nikaandika idadi. Kila kadi nikaitia jina la kijiji ilikotoka. Majina yakifanana, soma ndani. Wakiwa watu wawili, weka zote mbili."

"Na kama ni karatasi ileile mara mbili?"

"Linganisha neno kwa neno. Ikiwa moja ina zaidi, usiipoteze hiyo. Na usitupe cha zamani mpaka hesabu itimie."

Wakaanza upya. Za Mchangani mia na kumi, za Mkuyuni themanini. Jioni, kabatini mkawa na mia na tisini kamili. Mize wawili walilala bega kwa bega, kila mmoja na kijiji chake.

Jumanne akaletewa karatasi. Akaisoma, akainusa.

"Inanuka bajia."

"Inanuka," alisema Bi Mize, "lakini inasema."

Jumanne akasogea kando. Mkwezi akapanda. Nazi zilianguka siku nzima, hata watu wanaapa kuku wa Mchangani walisahau kutaga. Bi Mize akapeleka pakacha zima la nazi ofisini.

Juma lililofuata Mashavu alibisha hodi. "Katibu, huna karatasi kuukuu?"

Sabiti akavuta kiti, akakaa polepole. "Subiri, dada. Nihesabu kwanza."

Mashavu akaenda kukata majani ya mgomba.