Vitabu Arobaini na Kimoja

Jumamosi ile maktaba ilijaa mpaka kwenye ngazi. Lifti ilikuwa imegoma tangu asubuhi, wanafunzi wa mitihani wameketi sakafuni juu ya mifuko yao, na foleni ya kaunta imejikunja mara mbili. Mkutubi, mwanamke wa miaka thelathini na minne, gauni la kahawia na kalamu nyweleni, alikuwa hajainua uso kwa saa nzima. Akanyoosha mkono kupokea kadi, akashika kidole chenye grisi.

"Samahani, dada. Hicho hakiazimishwi."

Foleni ikacheka. Akainua uso. Mbele yake alisimama fundi wa lifti, ovaroli ya buluu, bisibisi mfukoni, mwili mrefu ulioinama kidogo kama mtu anayeogopa dari.

"Lifti imepona?" mkutubi akauliza.

"Imepona. Sasa nina shida yangu. Nitafutie kitabu kizuri."

"Kizuri kwa nani?"

Fundi akasita, kisha akatoa kadi ya maktaba iliyochakaa pembe. "Kwa mwenye hii."

Jina lilikuwa la mwanamke. Mkutubi akaipitisha kwenye mashine, na kioo cha kompyuta kikamwonyesha kila kitabu ambacho mwanamke huyo aliwahi kuazima. Kazi hiyo aliipenda kuliko zote. Alitazama vilivyorudishwa kesho yake, akajua havikupendwa. Alitazama vilivyoongezewa muda mara mbili, akajua hivyo alilala navyo kitandani. Halafu aliingia kwenye katalogi, akasoma mada zilizoandikwa chini ya vile vilivyopendwa: safari, barua, wanawake wanaoishi peke yao. Akatafuta vingine vyenye mada hizo, akaenda rafuni, akafungua ukurasa wa kwanza wa kila kimoja akiwa amesimama. Wa kitabu cha nne ukamshika.

"Mpe hiki. Asipokipenda nirudishie mimi lawama."

"Nitarudisha na riba," fundi akasema, akaondoka akitabasamu.

"Wasalimie nyumbani!"

Jumatano simu ya kaunta ikalia.

"Halo, hapo ni kwa Bibi Katalogi?"

"Katalogi haipokei simu. Ninapokea mimi."

"Huyu mama wa kwenye kitabu amepanda treni, amemwacha mumewe na chungu jikoni. Ni haki hiyo?"

"Kumbe mnasoma wote wawili?"

"Mimi nasoma, ndiyo."

"Basi maliza kwanza, ndipo umhukumu."

Ikawa hivyo. Kila Jumamosi kitabu, kila Jumatano simu. Mkutubi akaanza kupiga pasi blauzi zake Ijumaa jioni na kuvaa hereni zilizokaa kabatini miaka. Dada yake alikuwa wa kwanza kugundua.

"Mdogo wangu, nani huyo?" alimwuliza asubuhi moja, akimtazama anavyozivaa.

"Msomaji tu."

"Msomaji! Na hizo hereni anazisoma pia?"

"Dada, ana mke. Ninamchagulia mke wake vitabu."

Dada yake akaguna. "Wewe unajipikia sumu, unaionja chumvi."

Kweli tupu, na hakuwa na la kufanya. Siku moja, moyo ukiwa umemchafuka, alimchukulia yule mwanamke kitabu kibovu makusudi, kizito, kikavu, cha kumtia usingizi mbuzi. Akafika nacho kaunta, mkono ukakataa kukigonga muhuri. Akarudi rafuni kutafuta kizuri. Alikuwa amemjua mwanamke huyo kuliko rafiki zake mwenyewe: anapenda sura fupi, hapendi wanasiasa, anapenda mwisho usiofungwa. Alimchukia na kumchagulia vizuri, yote mawili, wiki baada ya wiki, na kila mara fundi alipoondoka alimwambia maneno yaleyale: "Wasalimie nyumbani."

Kitabu cha arobaini na moja kilipotoka, mashine ilimwambia kadi inakwisha muda. Jumatano fundi alipopiga, akamweleza.

"Mwenyewe aje asaini. Ndio utaratibu."

"Hawezi kuja."

"Anaumwa?"

"Haumwi."

"Basi umemfungia ndani? Hata mlangoni mwa maktaba hafiki, wewe ndiye unayembebea kila kitu?"

"Bibi Katalogi, si hivyo…"

"Usiniite hivyo. Mimi si mtu wa kuchezewa kwenye simu ya ofisi na waume za watu!"

Akakata. Halafu akakaa na mkono juu ya simu, akitamani ilie. Haikulia.

Jumamosi fundi hakuja. Jumanne akaja mwanamke mwenye suti ya kijani na miwani kichwani, simu mkononi.

"Nimeletewa ujumbe kuwa kadi yangu inakwisha. Nilidhani ilishapotea zamani." Akataja jina.

Mkutubi akalitambua: ndilo la kwenye kadi ya fundi. Akafungua kumbukumbu, akageuza kioo, maana kadi ni yake na haki ya kuona ni yake. Mwanamke akavuta miwani machoni. Akasoma kimya, mpaka chini.

"Hivi vyote nimeazima mimi? Huyu ni fundi, aliyekuwa mume wangu. Kadi niliiacha kwenye droo ya jikoni." Akacheka bila furaha. "Tumeachana mwaka wa pili huu, talaka mkononi. Miaka sita nilisoma kitandani pembeni yake, hakuwahi hata kuuliza kinahusu nini. Nani alimchagulia?"

"Mimi."

"Ningevipenda. Vyote." Akamtazama mkutubi, hereni, blauzi iliyopigwa pasi, na sauti ikashuka. "Nichapishie hiyo orodha. Halafu funga hiyo kadi, nipe mpya."

Mkutubi akachapisha. Akaitazama orodha ikikunjwa, ikaingia mkobani mwa yule mwanamke. Kwa mikono yake mwenyewe alikuwa amemwandalia mwanaume huyo ombi la msamaha la vitabu arobaini na kimoja, na sasa lilikuwa linakwenda kwa aliyestahili. Nani asingerudi nyumbani kwa ombi kama lile?

Jumamosi fundi alikuja bila ovaroli, shati jeupe, amenyoa. Akaweka kitabu kaunta.

"Amenipigia," akasema.

"Anarudi?"

"Arudi wapi? Ana mwenzake. Alisema tu kwamba aliyevichagua anamjua, na mimi nimechelewa."

"Pole."

"Sikutaka arudi. Nilitaka kujua niliishi na nani. Na nilijua, kwenye kitabu cha tatu. Nilikuwa mpumbavu, basi, nikajua."

"Cha tatu?" Sauti ya mkutubi ikamsaliti. "Na vile thelathini na nane?"

"Vile vyote nilikuwa nakuja kukuona wewe."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema saa ngapi? Kila nikifungua mdomo, 'wasalimie nyumbani'. Nyumbani kuna jiko na redio, niwasalimie?"

Watu wa foleni wakajifanya wanatazama dari. Mkutubi akafuta jicho kwa kiganja, akavuta fomu, kwa kuwa mikono ilihitaji kazi.

"Unataka kadi yako mwenyewe?"

"Nataka."

"Unapenda vitabu vya aina gani?"

Fundi akafikiri mpaka aliye nyuma akakohoa. "Sijui. Nimesoma vya kwake tu."

"Basi zunguka. Katalogi leo haikusaidii, wala mimi. Leta unachokitaka."

Akazunguka saa nzima. Mkutubi alikosea tarehe mara tatu, akampa mzee mmoja kitabu cha watoto. Hatimaye fundi akarudi na kitabu kinene kuhusu ufugaji wa nyuki.

"Unafuga nyuki?"

"Naishi ghorofa ya tano. Lakini nimesimama nikasoma kurasa kumi, nikasahau miguu."

Mkutubi akakiingiza kwenye kadi mpya. Mstari wa kwanza kwenye ukurasa mtupu.

"Na wewe?" fundi akauliza. "Wewe mwenyewe unapenda vitabu gani? Mwaka karibu mzima, sijakuuliza."

Mkutubi akafungua mdomo. Vitabu vya wasomaji mia vilimjia kichwani, vya huyu na vya yule, kila kimoja na mwenyewe. Chake mwenyewe hakikuja. Machozi yakamtoka mbele ya foleni nzima, asiweze kuyazuia, na fundi akaegemea kaunta kwa viwiko, akisubiri jibu.