Mpangaji Asiyehama

Binamu yangu ni fundi cherehani, na ukoo mzima tunamwita Sindano, kwa wembamba wake na kwa ulimi wake. Haya yalimpata yeye, na kipande cha mwisho nilikiona kwa macho yangu mwenyewe, kwa hiyo asije mtu kuniambia ni maneno ya kutunga.

Alihamia kwenye lile jengo Jumamosi moja asubuhi, pamoja na mama yake, ambaye mimi namwita mama mkubwa. Mwaka uliotangulia mama mkubwa alikuwa amepigwa na kiharusi. Upande wote wa kulia ulikufa, mkono na mguu, na maneno yakawa yanamtoka kwa taabu, ila akili ilibaki timamu. Sindano hakuwa na ndugu wala mume. Alikuwa na mama huyo tu.

Utauliza, mtu mwenye mgonjwa wa kubebwa anapangaje ghorofa ya nne? Karakana anayoshonea sare za shule ilikuwa ng'ambo ya barabara, kwa hiyo saa saba mchana angevuka, amlishe mama, arudi kazini. Na msimamizi wa jengo alimwapia kwamba lifti ingetengenezwa Jumatatu. Jumatatu ya mwaka gani, hakusema. Wapangaji walimwita Bwana Kesho. Bomba likivuja, kesho. Taa ya ngazi ikiungua, kesho. Milango ya lifti ilikuwa imefungwa kwa waya na ubao, na ule ubao ulishakuwa mweusi kwa kushikwa na mikono ya watu. Wachukuzi wawili walimpandisha mama mkubwa akiwa kwenye kiti, naye akawatania njia nzima kwamba hata siku ya harusi yake hakubebwa hivyo.

Wiki mbili zilikwenda vizuri. Siku ya kwanza ya wiki ya tatu, mwenye karakana alileta oda ya haraka, na Sindano hakunyanyua kichwa kwenye cherehani mpaka saa kumi. Alipokumbuka, alipanda zile ngazi mbiombio, machozi yakimlengalenga. Mama hajala. Mama amejilowesha. Mama anaita na hakuna wa kumsikia.

Alifungua mlango. Mama mkubwa alikuwa amelala kwenye shuka kavu, amebadilishwa gauni, uso umepanguswa. Bakuli la uji lilikuwa limeoshwa na kufunikwa mezani.

"Nani kakulisha, mama?"

"Mwenzako," mama akasema.

Sindano alidhani ni jirani wa mlango wa pili, mwalimu mstaafu aliyekuwa mkarimu wa salamu. Akamgongea ili amshukuru. Yule mwalimu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akavuta mlango wake, akabakiza upenyo wa jicho moja.

"Mwanangu, mimi nyumba hiyo siingii," akanong'ona, na akafunga.

Kesho yake Sindano alinunua kufuli jipya, akafunga kwa nje, ufunguo akauning'iniza shingoni. Saa saba aliporudi, kufuli lilikuwa limefungwa vilevile. Mama alikuwa ameshakula. Kucha zake zilikuwa zimekatwa, za mkono mzima na za mkono uliokufa.

"Mama, huyo mwenzangu ni nani?"

"Mwanangu." Akatulia, akitafuta maneno. "Yule mkubwa."

Sindano ni mtoto wa pekee. Hakuna mkubwa.

Alimshukia Bwana Kesho kwenye kibanda chake pale chini, kidole kikiwa mbele ya pua ya bwana yule. Nani mwingine ana ufunguo wa nyumba yangu? Bwana Kesho alitazama kushoto, akatazama kulia, akashusha sauti.

"Yule dada aliyekuwamo kabla yako. Hakuleta notisi. Kwa kanuni, hajahama."

"Sasa mimi umenipangishaje?"

"Dada yangu, alikufa."

"Alikufa, au hajahama?"

Bwana Kesho alijikuna shingo. "Yote mawili," akasema.

Ikamtoka vipande vipande. Yule dada naye alikuwa na mama yake, mgonjwa wa kitandani. Mchana mmoja mama alizidiwa, binti akatoka mbio kwenda kuita gari. Lifti ilikuwa imelalamikiwa miezi mitatu. Alibonyeza kitufe, mlango ukafunguka, akaingia bila kutazama. Lifti yenyewe haikuwapo. Walimwokota chini kabisa ya shimo, wakalia, wakazika. Katika vilio vyote hivyo hakuna aliyeuliza nani yuko kule juu. Siku ya tatu ndipo mtu mmoja akamkumbuka yule mama.

"Alikuwa bado anaita?" Sindano aliuliza.

Bwana Kesho aligeukia ubao wa funguo, akaanza kuzipanga upya.

Angehama siku hiyohiyo, lakini kiti hakishuki chenyewe ghorofa nne. Wachukuzi wakasema watakuja keshokutwa. Asubuhi iliyofuata aliaga kwa sauti, akafunga kufuli, akashuka ngazi akipiga visigino. Alipofika ghorofa ya pili alivua viatu. Akapanda tena pekupeku na kusimama nje ya mlango wake mwenyewe, akiwa amebana pumzi.

Kimya.

Halafu kijiko. Kijiko kikigonga bakuli, taratibu, kwa mpangilio, kama mtu anayemlisha mgonjwa bila haraka. Na sauti ya mama yake ikicheka kidogo.

Akafungua.

Hakukuwa na mtu. Jua lilikuwa limejaa chumbani, kila kitu kinaonekana. Mama alikuwa ameegemezwa kwenye mito, kidevu kina uji. Na mkono wake wa kulia, ule uliokufa, ulikuwa juu. Ulikuwa umenyanyuka hewani, umelegea kwenye kifundo, vidole vimefumbatwa juu ya kitu kisichoonekana.

Mtu alikuwa ameushika.

Mama mkubwa alimtazama Sindano kwa muda mrefu. Kisha akageuza uso, akaiuliza ile hewa kwa upole: "Mwanangu, huyu mgeni ni nani?"

Sindano aliniambia kwamba woga wote alioujua maishani haukufika nusu ya neno hilo. Alipiga ukelele. Alimkumbatia mama kiunoni, akamvuta, na upande wa pili ukavuta. Haukuvuta kwa hasira. Ulivuta kama mtu asiyetaka kuachwa. Jirani mwalimu, pamoja na kuapa haingii, aliingia. Wakaja na wengine. Walimshusha mama kwa blanketi, watu wanne, na mkono ule ulibaki juu njia nzima ya ukumbini. Walipoupita ubao wa lifti ulianguka ghafla kifuani pake, mzito kama zamani. Nyuma ya ubao kitu kilikwaruza, kikishuka, kikashuka, mpaka wakaacha kukisikia.

Wakaja kwetu. Nyumba yetu ni ya chini, haina hata ngazi moja, na mama yangu alimpokea dada yake kwa vigelegele. Siku ya tatu mama mkubwa alimtazama Sindano, akamwita jina lake la utotoni. Sindano alilia mpaka akapata kwikwi. Akahamishia cherehani chumbani mwa mama yake, akawa haondoki.

Mwezi ulipita hivyo. Alhamisi moja, saa tisa mchana, uzi ulimwishia. Alitoka mpaka duka la jirani, hatua hamsini tu, akarudi.

Kitambaa cha kichwa cha mama mkubwa kilikuwa kimekunjwa vizuri magotini. Nusu ya kichwa ilikuwa imesukwa mistari myembamba, iliyokazwa, inayong'aa mafuta. Nusu nyingine bado. Kati ya nusu hizo mbili, vishungi vitatu vya nywele vilisimama hewani, vimetenganishwa, vimevutwa, vinangoja.

Sindano alitaka kukimbia. Miguu ilikuwa tayari inageuka. Lakini alimkumbuka yule mama mwingine, aliyeita siku tatu, na akajua kwamba mlangoni hatoki.

"Dada," akanong'ona. "Nakuomba. Ninaye huyu tu."

Vile vishungi vikalegea kidogo. Kisha vikaanza tena kusukwa.

Basi akaketi chini, mgongo kwenye kitanda, akaukamata mkono mzima wa mama yake kwa mikono miwili, akafumba macho.

Mimi na mama yangu tuliwakuta saa kumi na moja, wote wawili wamelala. Mama mkubwa alikuwa amesukwa kichwa kizima. Nyumbani kwetu hakuna anayejua kusuka. Niliinama kumwamsha Sindano, ambaye nywele zake zilikuwa timutimu tangu asubuhi, na mkono wangu ukaishia njiani. Naye alikuwa amesukwa, mistari ileile, mpaka kisogoni, na mafuta yalikuwa bado hayajakauka.