Vumbi la Chumba cha Shangazi Serafina

Ukiona kisa hiki nakisimulia kwa mkato, ujue nimechoka. Nimekisimulia kanisani, nimekisimulia sokoni, na kila mtu akishanipa pole ananiuliza tena upya, kana kwamba mara ya kwanza nilidanganya. Haya, keti. Sirudii.

Ni habari ya kaka yangu Egidi, fundi wa mota hapa Mbinga mjini. Tunatumia kibaraza kimoja, yeye na mota zake, mimi na cherehani yangu. Siku hiyo jua lilikuwa zuri na watu walikuwa wameanika kahawa. Akaja Kunigunda kutoka Mbaha, kule chini ziwani, binti wa shangazi yetu Serafina, amebeba mashine ya kufyonza vumbi. Ilikuwa ya zamani, bati tupu, nzito. Shangazi aliachiwa na wazungu aliowafanyia usafi miaka mingi. Mwenyewe tulikuwa tumemzika juzijuzi tu, pumu ilimmaliza, na matanga yalikuwa bado hayajaisha.

"Shikamoo kaka. Imezima yenyewe," akasema. "Naomba iwake kabla ya arobaini, wageni watajaa."

"Marahaba. Iache hapo, mdogo wangu."

Kunigunda akaenda sokoni. Egidi akaifungua mota. Kaboni za kupitishia umeme zilikuwa zimelika, beringi imekauka, na kwenye ekseli, kile chuma kinachozunguka, ulikuwa umejiviringisha unywele mweupe, mrefu. Akaukata kwa wembe, akautoa kipande kimoja, kingine akakitafuta asikione. Akaweka kaboni mpya, akatia grisi. Vumbi lilikuwa limeganda kwenye nyaya za mota, na umeme ulikuwa umekatika, pampu ya upepo haifanyi kazi. Akalipuliza kwa mdomo, kama mafundi wote wafanyavyo. Likampanda usoni. Akavuta pumzi, akakohoa, akacheka.

"Dada, hili vumbi lina ladha ya dawa ya kuchua kifua," akaniambia.

Umeme uliporudi akaichomeka. Ikawaka vizuri, inazunguka laini kabisa. Akazima. Haikunyamaza. Haikuwa inaunguruma tena. Ilikuwa inavuta, inakwama, inakohoa, inatoa. Akachomoa waya ukutani. Ikavuta tena.

Sauti ile naijua. Utotoni nililala chumba kimoja na shangazi.

Kunigunda aliporudi nilimshika mkono. "Hii ulifyonzea wapi?" nikamnong'oneza.

"Chumbani kwa mama."

Sasa elewa. Katika ukoo wetu chumba cha marehemu hakifagiwi mpaka matanga yaishe. Siku hiyo wanawake wa ukoo ndio wanaofagia, na vumbi lote linapelekwa kaburini, maana bado ni lake.

"Walikataza ufagio, dada," Kunigunda akasema, machozi yanamtoka. "Watu wanaingia na matope, mgongo unaniuma. Nikasema mashine si ufagio."

Nilitamani kumzaba kofi. Lakini nikamtazama macho, nikaona hajalala tangu mazishi, nikakosa hata nguvu ya kukasirika.

Egidi alikuwa ameketi chini. "Nimechoka," akasema. "Ghafla tu. Kifua kizito." Midomo yake ilikuwa ya kijivu. Niliogopa, sifichi. Nina kaka huyu mmoja tu.

Nilipiga magoti nikafagia kibaraza chote, nikafunga vumbi kwenye kitenge pamoja na mfuko wa mashine. Tukakodi gari. Njia nzima ya kuteremka ziwani Egidi alinilalia begani, na mashine ilikuwa miguuni petu. Ikivuta, naye anavuta. Ikikwama, anakwama. Walikohoa pamoja. Dereva aliongeza sauti ya redio na hakugeuka nyuma.

Kaburini wanawake walimwaga vumbi wakalifukia. Mashine ikanyamaza palepale. Mama Lidia, mkubwa wa ukoo, akanisogelea.

"Ni lote?" akanong'ona.

"Lote nililoweza kulifagia, mama."

Akamtazama Egidi, ambaye alikuwa ameegemea msalaba wa kaburi la jirani. Alikuwa bado anavuta. Anakwama. Mama Lidia akajifunika khanga, akaondoka bila kuaga.

Hospitali walimpiga picha ya kifua, wakasema hakuna kitu. Mashine tuliiacha Mbaha. Egidi anafanya kazi asubuhi, mchana analala kwenye kiti, na mimi nashona huku namsikiliza. Nimeshazoea kuhesabu mkwamo wake kama ninavyohesabu mishono. Akichelewa kutoa pumzi, namtikisa.

Jana alikohoa sana akiwa usingizini. Nilichukua leso yake nikaifue. Kwenye mkunjo kulikuwa na vumbi kidogo, linanukia dawa ya kuchua. Katikati ya vumbi kulikuwa na unywele mweupe, umejiviringisha. Egidi ana kipara tangu ujana.

Niliunyoosha kwenye paja langu. Ncha yake moja ilikuwa imekatwa sawasawa, kwa wembe.