Laana Iliyokosa Mwenyewe

Aliyeuumba ulimi akauwekea malango mawili, meno na midomo, ndiye ajuaye siri yake; sisi tunasimulia yale tu yaliyotufikia.

Jumamosi moja, adhuhuri, Isimbi alifika nyumbani kwa mamake katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, akakuta kikombe cha chai mezani kimefanya utando juu. Mamake, Kankindi, mtu asiyeacha hata tone la maziwa lipotee, aliketi mbele ya kikombe hicho akiutazama ukuta. Inzi alitua kwenye pembe ya jicho lake, akatembea polepole juu ya kope. Jicho halikupepesa.

Isimbi alimwuliza kama anaumwa. Mama akajibu kwa sauti ndogo, kwa Kiswahili chao cha Kivu ya Kusini:

"Siumwe, mwana wangu. Siku tisa sijalala. Nikifunga macho, kuko mutu anayafungula na vidole."

Nyumba ilinuka waya ulioungua, ingawa umeme haukuwahi kuingia humo. Chini ya kitanda kitu kiligonga: tak. Kikanyamaza. Tak. Isimbi aliinama, akaona sakafu tupu ya udongo. Mlio ule aliujua: aliusikia kazini kutwa nzima, chini ya kidole chake mwenyewe.

Kazi yake ilikuwa Mbarara, upande wa Kakiika, katika ofisi iliyo juu ya duka la dawa za mifugo. Huko alichuja matusi. Vijana wa nchi nyingi hucheza michezo ya vita mtandaoni huku wakisemezana kwa vipaza sauti. Anayetukanwa hushtaki, na sauti hiyo huletwa kwa watu kama Isimbi, waamue kama msemaji aonywe au afungiwe. Mashine ya ofisi haikuelewa Kiswahili cha Wakongo. Kwa hiyo Isimbi alilisikiliza kila tusi, akalirudia kwa kinywa chake, taratibu na kwa matamshi safi, mashine ikaliandika. Kisha akabonyeza kitufe, tak, likafutwa. Majina halisi ya wachezaji yalifichwa. Kuwaandikia kulikatazwa kabisa, na aliyethubutu alifukuzwa siku hiyo hiyo. Na matusi yale, karibu yote, yaliwahusu mama za watu.

Jumatatu alimsimulia Nusrah, Mwislamu wa Mbarara aliyeketi meza ya pili. Nusrah kwanza alimtania kwamba mlokole kama yeye humkumbuka Mwislamu maombi yakishamwishia. Alipomtazama usoni aliacha mzaha.

"Nyabo, twende kwa mzee," alinong'ona. "Hii si ya panado."

Mzee huyo, Maalim Buruhan, alikuwa fundi wa kujalidi vitabu nyuma ya soko, naye huwasomea wagonjwa dua. Hakuuliza mama amekula nini. Alimwuliza Isimbi amesema nini. Isimbi akakumbuka: kijana mmoja aliyejiita Radi ya Uvira alikuwa amemwambia mwenzake, "Mama yako asifunge macho tena." Naye alilirudia neno hilo, akalifuta. Alipohesabu siku tangu hapo, zililingana na zile ambazo mamake hakulala.

Maalim aliweka chini sindano ya kujalidia. Akaeleza, kama alivyopokea kwa walimu wake, kwamba laana ikitoka kinywani hupanda mbinguni ikakuta milango imefungwa, ikashuka ardhini ikakuta imefungwa, ikaenda kuume na kushoto. Na isipompata anayestahili, humrudia aliyeisema. Nayo ikizurura, jini huipanda kama mtu apandavyo punda.

"Nilikuwa kazini, Maalim," Isimbi alisema.

"Wanaonukuu neno baya husema: kasema fulani. Wewe umelitamka kama lako. Jini ameuliza ni la nani, akakuta kinywa chako ndicho cha mwisho, na neno lenyewe linamtaja mama."

Akampa dawa, na dawa ilikuwa na sharti. Amtafute mwenye neno, kwa jina alilopewa na wazazi, si lile la mchezoni. Amwombe atubu kwanza. Akishatubu, jina litajwe mbele ya mgonjwa, na jini ataondoka mikono mitupu.

"Na nikilitaja kabla hajatubu?"

"Neno litarudi kwake," alisema Maalim. "Kwake kuna mama pia. Usifanye hivyo, binti yangu."

Isimbi aliisikiliza tena ile sauti ofisini, kwa nakala iliyobaki ndani ya mashine, wenzake wakiwa wamekwenda kula. Mara ya tatu, nyuma ya milio ya risasi za mchezo, aliisikia sauti ya mwanamke, ya mbali na ya upole, ikimwita mwanawe ale ugali kabla haujapoa: "Appolinaire, papa, kuya kula. Bugali iko napola."

Akaandika barua ya mistari minne kwa Appolinaire, akimsihi atubu. Kidole kilikuwa juu ya kitufe cha kutuma, na moyoni akipima kufukuzwa kwake, simu ilipoita. Jirani wa Nakivale alikuwa na swali dogo: Mama Kankindi ameomba sindano na uzi, je, apewe? Kwa maana hakuna nguo anayoishona.

Barua ilifutwa. Alasiri Isimbi alikuwa chumbani kwa mamake, mlango umefungwa, jua likipenya matundu ya bati, na ule mlio ukatoka chini ya kitanda ukapanda ukutani, kutoka ukutani ukahamia ndani ya godoro, kutoka godoroni ukaingia, tak, tak, tak, katika meno ya mama mwenyewe aliyelala chali macho wazi, mekundu, makavu kama ya samaki wa sokoni, huku kope zake zikivutwa juu na vidole visivyoonekana ila kwa mikunjo vinayoiacha katika ngozi, na harufu ya waya ikamjaa Isimbi kooni hata akadhani ulimi wake ndio unaoungua.

"Si neno langu," alisema. "Kasema Appolinaire."

Mlio ukakatika. Pazia la mlangoni liliinuka taratibu, kama linavyoinuliwa na mgeni anayeaga, likashuka. Kankindi akafumba macho. Alilala siku mbili, na alipoamka akaomba maziwa.

Isimbi alirudi kazini, akamwambia Nusrah kwamba kijana alitubu. Siku ya nane ikamfikia sauti ya mchezaji aliyemaliza adhabu yake. Waliowahi kufungiwa huchunguzwa hata wasiposhtakiwa. Ilikuwa Radi ya Uvira. Hakumtukana mtu. Aliongea kwa kunong'ona, na sauti, ikikosa majigambo, ilikuwa ya mtoto wa miaka kama kumi na miwili.

"Museme polepole, bandugu. Mama yangu hajalala siku mingi. Saa hii mama iko natafuta sindano."

Nyuma yake, mahali palipotoka siku ile mwito wa bugali, kitu kiligonga: tak.

Sauti ikaisha. Taa ndogo ya mashine ikawaka, ikimngoja Isimbi arudie kwa kinywa chake, taratibu na kwa matamshi safi, yote aliyoyasikia.