Blanketi Ndani ya Bomba la Hewa

Huku kwetu kaskazini mwa Michigan, theluji huanza Novemba na huaga Aprili. Upepo ukipenya ndani ya nyumba tunauona kama mwizi. Kila vuli, kabla theluji haijaanguka, tunaziba: madirisha kwa plastiki, nyufa kwa pamba, chini ya milango kwa taulo. Anayeacha tundu wazi huitwa mvivu. Reino Kangas hakuwa mvivu hata kidogo, na bidii yake nusura imuue mama mkwe wake.

Reino aliishi na mkewe, Marlys, na mama yake Marlys, Bi Aune, mwenye miaka themanini na moja. Joto la nyumba lilitoka kwenye tanuri la gesi, katika chumba cha chini ya ardhi. Tanuri lilikuwa na miaka thelathini na minane. Januari hiyo likaanza kununa. Mwali mdogo unaoliwasha ulikuwa ukizimika mara mbili, mara tatu kwa siku.

Reino alijitahidi. Alibadilisha chujio la hewa, maana la zamani lilijaa vumbi na manyoya ya paka. Alibadilisha betri za kidude cha ukutani kinachopima joto. Hayo yalikuwa sawa, kila mwenye nyumba anaweza kuyafanya. Lakini mwali uliendelea kuzimika, naye akaendelea kuuwasha.

"Ita fundi," Marlys alimwambia.

"Fundi wa nini? Tanuri hili nalijua kuliko ninavyokujua wewe."

"Basi na mimi nitazimika, tuone utaniwashaje."

Wiki hiyo Bi Aune, ambaye chumba chake kilikuwa juu ya tanuri, alilalamika kuumwa kichwa. Akatapika kahawa yake. Reino na Marlys nao walichoka bila kufanya kazi. Wakasema ni mafua.

Jumatano asubuhi jirani yao, Verna Tolonen, aliwaletea mkate wa iliki. Kabla ya kustaafu, Verna alitengeneza matanuri kwa miaka thelathini. Alimkuta Bi Aune kitini, macho mazito.

"Unaumwa, mama?"

"Kichwa, mwanangu. Ajabu yake, Jumapili kanisani kilipona kabisa. Kurudi tu hapa, kikaanza tena."

Verna aliweka mkate mezani. "Na ninyi wawili?"

"Vichwa hivyohivyo," Marlys alisema.

"Mkitoka nje vinapona?"

Marlys alimtazama mumewe. Hawakuwa wamelifikiria hilo.

"Tokeni nje sasa hivi, wote," Verna alisema. "Reino, mbebe mama."

"Kwenye baridi hii? Atakufa."

"Atakufa humuhumu. Mbebe."

Waliingia kwenye gari la Verna, naye akapiga simu ya dharura. Wazima moto walikuja na kipimo chao. Nyumba ilikuwa imejaa hewa ya sumu. Walifunga gesi na kufungua madirisha yote. Ndani ya gari, Bi Aune aliitwa jina mara tatu bila kuitika. Wakamkimbiza hospitali na oksijeni usoni, Marlys akiwa amemshika mkono.

Nyumba ilipokuwa salama, Verna aliteremka chini na Reino. Alionyesha bomba pana la bati lililotoka kwenye ukuta wa nje. Ndani yake mlikuwa na blanketi kuukuu.

"Nani aliziba hapa?"

"Mimi. Lilikuwa linaingiza baridi."

"Ndiyo kazi yake. Moto unapumua, Reino. Ukiukosesha hewa, mwali wa buluu unageuka njano, unadhoofika, unazimika. Na unatoa sumu isiyo na rangi wala harufu."

"Lakini sikunusa gesi."

"Gesi ikivuja utainusa. Hii huinusi. Inakuja kama mafua yasiyo na homa."

"Mwali ulikuwa wa njano," Reino alisema polepole. "Nikadhani ni uzee."

"Chujio, betri, swichi, kuondoa theluji kwenye mabomba ya nje, hayo fanya mwenyewe. Mwali ukiwa wa njano, au ukizimika tena baada ya kuuwasha, funga gesi uite fundi. King'ora cha hewa ya sumu mnacho?"

"Hatuna."

Reino aliketi kwenye ngazi akalia, na hakujificha.

Fundi alikuja, akasafisha tanuri na kukagua bomba la moshi. Bomba la hewa likaachwa wazi. Ving'ora viliwekwa karibu na kila chumba cha kulala. Mwali ulisimama wa buluu, na haukuzimika tena msimu ule wote.

Bi Aune alirudi nyumbani siku ya nne. Jumapili iliyofuata, wakati wa matangazo kanisani, Reino alisimama. Mtu huyu hakuwahi kusema neno mbele ya watu.

"Niliziba bomba la hewa la tanuri kwa blanketi," alisema. "Nilimziba mama pumzi. Nani mwingine hapa ameziba?"

Mkono mmoja ukapanda, kisha mwingine. Mchungaji akahesabu mikono kumi na mmoja, na wa kwake ukiwemo.

Siku hiyo hakuna aliyebaki kunywa kahawa. Watu walivaa makoti yao wakaenda nyumbani kuzibua.